Saini za Orrin Haverkamp

Duluth, Minnesota
8 Machi 1976

Bwana Orrin Haverkamp,

Hunijui, wala sina haki ya kudai unijue. Naitwa Thaddeus Brandvold, nauza viatu hapa Duluth, na nakusanya saini za wachezaji wa besiboli wa zamani. Usiogope, mimi si miongoni mwa wale wanaokuletea mipira kumi kwa mpigo wakisema ni ya wajukuu.

Ndani ya kisanduku hiki kuna mpira mmoja tu, na ni wa marehemu kaka yangu, Nels. Kiangazi cha 1938 baba alikuwa akitupeleka Port Ansgar kila Jumapili, tukitoka kanisani moja kwa moja, kuwatazama ninyi, timu ya Wakata-Magogo, mkicheza. Nels alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mbili. Jumapili moja alijibanza kwenye mlango wa chumba chenu cha kubadilishia nguo hadi akapata saini za timu nzima, isipokuwa yako. Siku hiyo mpira ulikuwa umekuvunja kidole, nawe ukapelekwa kwa daktari. Nels akaniambia, "Usijali, Haverkamp tutamnasa wiki ijayo." Wiki iliyofuata mlikuwa safarini. Halafu baba akaachishwa kazi bandarini, na safari zetu zikaishia hapo. Nels aliuawa vitani huko Italia mwaka 1944.

Watu wananisumbua niuuze mpira huu kwa sababu una jina la Hollis Treadway, aliyekuja kuvuma ligi kuu. Siuzi. Nataka tu jina lako liwemo, Nels apate timu yake kamili. Nafasi ipo, utaiona mwenyewe. Bahasha ya kurudishia na stempu nimeweka.

Wako,
Thaddeus Brandvold


Cedar Knoll, Iowa
17 Machi 1976

Kijana,

Miaka hamsini ni ujana kwangu, kwa hiyo usikasirike nikikuita hivyo.

Barua yako imenirudisha mbali. Kidole hicho kilipona lakini kimebaki kimepinda, na mke wangu hunitania kwamba kinaelekeza jikoni siku zote. Pole sana kwa kaka yako. Jina langu nimeliweka kwenye nafasi mliyoniachia. Mlinitunzia mahali pazuri.

Hapa theluji bado haijatutoka na nyanya za mke wangu zinaota kwenye makopo dirishani. Ukipita Iowa, karibu tule pai.

Orrin Haverkamp


Duluth
2 Aprili 1976

Bwana Haverkamp,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Acha niseme tu.

Mpira umefika. Jina lako limekaa pale katikati, mishono inapokaribiana. Bwana Haverkamp, pale ni mahali pa kocha. Wewe unajua hilo kuliko mimi. Nels alipaacha wazi kwa sababu Mzee Tolliver alikuwa ametimuliwa wiki ile na kocha mpya hajafika. Wenzako wote walijibanza pembeni, hata Treadway na majivuno yake yote. Mchezaji wa siku zenu kuweka jina lake mahali pa kocha ni sawa na kuingia nyumbani kwa mtu na kukaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba.

Nikatoa kadi yako ya zamani yenye saini yako niliyoinunua St. Paul, ya mwaka 1949. H yako ya wakati ule ilikuwa imelegea miguu. H hii imenyooka, safi, kama ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Sitaki kukuvunjia heshima. Lakini naandika safu katika jarida letu la wakusanyaji, na kazi yangu pale ni kuwaambia wenzangu ipi halisi na ipi si halisi. Nifanyeje? Ni nani aliyeandika jina lako kwenye mpira wa kaka yangu?

Thaddeus Brandvold


Cedar Knoll
9 Aprili 1976

Bwana Brandvold,

Ni mimi. Lucille, mke wake. Na nilikuwa kweli mwalimu wa darasa la kwanza, kwa hiyo hongera, umenikamata.

Sasa nisikilize. Mume wangu alipata kiharusi mwaka 1967. Mkono wa kulia umekufa, ule aliokuwa akirushia. Maneno aliyobakiwa nayo ni machache mno, na mengine ni ya kuwatukana waamuzi. Kutwa nzima anakaa dirishani akisubiri gari la posta. Likisimama kwenye kisanduku chetu cha barua, anagonga kioo kwa pete yake ya ndoa mpaka nikimbie nje na aproni yangu. Barua zenyewe si nyingi, moja au mbili kwa wiki, za watu kama wewe. Ninamsomea. Analia kidogo, anacheka kidogo, kisha ananyoosha kidole kwenye kalamu. Tangu ujana wake hakuwahi kumkatalia mtu saini, mtoto wala mlevi, na hataki kuanza leo. Basi ninaandika mimi, yeye akiwa pembeni, na akiitikia kwa kichwa natia kwenye bahasha.

Mpira wako ulikuja siku aliyokuwa kwa daktari Des Moines na dada yake. Niliona bora niuwahishe posta. Nikaona nafasi kubwa imeachwa katikati, na wewe ulisema "utaiona mwenyewe." Nikaiona! Mwanamke kama mimi ningejuaje mambo ya kiti cha kocha?

Kuhusu kuuharibu mpira wa kaka yako, naumia, na naomba unisamehe kwa hilo. Kwa mengine siombi msamaha. Andika kwenye jarida lako ukitaka. Lakini jua kwamba siku utakayoandika, gari la posta litapita bila kusimama hapa, na mimi ndiye nitakayekaa naye pale dirishani.

Lucille Haverkamp


Duluth
14 Aprili 1976

Bi. Haverkamp,

Siandiki popote. Nakuahidi kama ninavyoweza kuahidi mtu nisiyewahi kumwona. Hakuna atakayelisikia hili kutoka kwangu, si jarida, si wauzaji, si mke wangu, ambaye nikimwambia jambo saa sita, saa saba limefika duka la nyama.

Nisamehe ile barua. Mtu akikaa muda mrefu na vitu vya kale husahau kwamba wenye majina bado wanakula na kulala. Nilimfikiria mumeo kama yule mrushaji wa miaka ishirini na sita, anayezungusha mkono mpaka kofia inaanguka. Niliikasirikia H tu, sikumfikiria mtu.

Mpira utabaki kama ulivyo. Nels angecheka. Yeye mwenyewe aliwahi kughushi saini ya baba kwenye ripoti ya shule.

Thaddeus


Cedar Knoll
3 Mei 1976

Thaddeus, ndugu yangu,

Nimejiletea balaa. Nilifikiri barua zako zote nimezificha, kumbe ile ya jarida niliiacha chini ya bakuli la sukari, na bado anasoma vizuri kuliko ninavyodhani. Nilirudi kutoka bustanini nikamkuta amekunja uso, ameishika barua. Akasema, "Tolliver." Miaka tisa sijamsikia akilitaja jina hilo. "Tolliver, Tolliver," na kofi mezani, kikombe kikaruka.

Jamani, tulivyogombana! Mimi na maneno yangu elfu, yeye na lake moja, na akanishinda. Niliposema mwenye mpira ameshasamehe, akazidi kukasirika. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika juu ya gazeti kitu ambacho ungesema kuku mwenye matope amepita. Akakitazama. Akalia kwa hasira, si kwa huzuni, hizo mbili nazijua zinavyotofautiana kwake. Kisha akaanza upya.

Kila asubuhi sasa, baada ya uji, anafanya mazoezi. Hataki nimsaidie. Nikishika karatasi isiteleze ananisukuma.

Anataka mpira. Utume tena tafadhali, ila si sasa. Nitakuambia.

Lucille


Cedar Knoll
20 Februari 1977

Thaddeus,

Mpira unarudi kwako na barua hii, nimeufunga ndani ya soksi zake mbili za sufu. Usizirudishe.

Mpira ulikaa kwetu tangu Novemba, na najua wewe ulikuwa na wasiwasi ingawa barua zako zilijikaza. Hakutaka kuugusa mpaka ajione yuko tayari. Jumanne, mara tu alipokunywa kahawa, akaugonga kwa pete. Niliushika juu ya meza kwa mikono miwili na safari hii hakunisukuma. Aliuzungusha na kuuzungusha, akapata pengo dogo pembeni, chini ya Treadway. Alichukua muda mrefu. Ulimi nje kama watoto wangu wa darasa la kwanza. Alipomaliza, shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Mwandiko unapanda na kushuka, na herufi za mwisho zimeparamiana kwa kukosa nafasi. Lakini ni yeye, Thaddeus. Hakuna kidole changu humo. Na lile nililoandika mimi katikati, tuombe tu tusamehewe.

Mwambie kaka yako, huko aliko, timu imetimia.

Lucille


Duluth
28 Februari 1977

Dada Lucille, na Bwana Haverkamp,

Niliufungua dukani, kati ya masanduku ya viatu, nikalazimika kwenda nyuma stoo. Mteja mmoja aliyekuja na buti za theluji alinisubiri kweli kweli.

Bwana Haverkamp, nina saini za watu ambao sanamu zao ziko viwanjani. Hii nitaitazama peke yake. Nilikwenda na mpira makaburini. Nels hakurudishwa nyumbani, kuna jiwe tu lenye jina lake karibu na la baba. Nililisomea jiwe majina yote ya mpira, nikianzia kwa wa kwanza aliyeandika, nikamalizia na lako. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, watu wakipita wananitazama. Sikujali.

Asante.
Thaddeus


Cedar Knoll
11 Oktoba 1979

Ndugu Thaddeus,

Orrin ametutoka Jumamosi, usingizini. Tumemzika Jumatatu, akinamama wa kanisa wakaleta viazi vya kuoka na pai nyingi mpaka nimewapa majirani.

Nakuandikia wewe mapema kwa sababu ulimfanyia jambo ambalo hujui. Tangu ule mpira hakukubali tena niandike mimi. Hadi wiki yake ya mwisho alijibu barua zake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akizibandika stempu zikienda upande. Alikufa akijua hakuna mtu aliyemwandikia akakosa jibu.

Sitaandika kwa muda. Usinifikirie vibaya.

Lucille Haverkamp


Duluth
6 Mei 1991

Dada Lucille,

Miaka imepita, na kadi za Krismasi peke yake si mazungumzo. Nimestaafu viatu. Mke wangu hajambo na bado hawezi kutunza siri.

Sijui kama habari zimewafikia huko, lakini dunia imepata wazimu wa saini. Mambo tuliyokuwa tukiyafanya kwa stempu na subira, sasa yanafanyika kwenye kumbi za hoteli, watu wamevaa suti. Kuna vitabu vya bei. Vijana wananunua mpira leo wakiamini baada ya miaka ishirini utawajengea nyumba. Labda watajenga, labda watabaki na makabati yaliyojaa ngozi kuukuu. Nakumbuka wakati ambapo swali lilikuwa "ulimpataje?" Siku hizi swali ni "itafika ngapi?"

Binti yangu Ingrid alinishawishi nipeleke mpira wa Nels Minneapolis ukathaminiwe. Si kuuza, kujua tu. Muuzaji mmoja mwenye glavu nyeupe akauweka chini ya taa. Akasifu Treadway. Akafika katikati, kwako. Akasema, "Haverkamp. Halisi kabisa. Naijua saini hii, ninazo tatu kabatini. Ajabu tu kwamba alikaa mahali pa kocha, lakini wengine walikuwa na viburi."

Kisha akauzungusha akaona ile ya pembeni. Akacheka. "Mtoto gani huyu amechezea mpira? Hii inakutoa nusu ya bei, mzee. Lakini usijali, nina fundi wa dawa, anaweza kuitoa ngozi isijue."

Lucille, nilisimama pale kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Maneno yalinifika kwenye meno. Niliyameza kwa sababu nilikuahidi. Nikaufunga mpira, nikaondoka, na Ingrid akaniuliza njia nzima nina nini. Nina aibu. Orrin alitoa jasho kwa jina lile, na kwa sababu mimi nimenyamaza miaka kumi na mitano, dunia nzima inalijua lako na kulicheka lake.

Sikuombi kitu. Nilitaka mtu mmoja tu anielewe.

Thaddeus


Cedar Knoll
15 Mei 1991

Thaddeus,

Kwanza, huyo bwana wa glavu asiuguse tena ule mpira. Akija na dawa yake mpige kiatu, ulikuwa navyo vya kutosha.

Pili, kaa chini. Kuna jambo sikukuambia.

Nilikuandikia kwamba Orrin alijibu kila barua kwa mkono wake. Ni kweli, alijibu. Sikusema kama zilifika. Zile za mwanzo nilizituma kama alivyoziandika, na nilijivuna nazo kuliko yeye. Baada ya majuma mawili moja ikarudi. Bwana mmoja wa Ohio alikuwa ameikunja kadi mara nne na kuandika juu yake, "Mwambie mjukuu wako asicheze na kadi za watu." Ya pili ikatoka kwa mwanamke, huyo alikuwa mstaarabu, aliuliza tu kama angeweza kupata "ile nzuri" kama aliyopata shemeji yake. Ile nzuri ni yangu, Thaddeus. Kila siku nilikimbilia kisanduku cha barua nikazificha, na alikuwa akigonga kioo akiuliza kwa macho, wamesema nini? Nikawa namwambia wamefurahi. Wamefurahi sana, Orrin.

Basi nikarudi kazini kwangu. Yeye akiandika asubuhi, mimi naandika kadi nyingine akiwa amelala mchana, natuma yangu kwa bahasha niliyonunua. Zake niliziweka kwenye kopo la biskuti. Mpaka mwisho. Alinipa kadi ya mwisho Alhamisi, akafa Jumamosi, na ile nayo sikuituma. Nimeishi na kopo hilo juu ya friji miaka yote hii na sijawahi kulifungua mbele ya mtu. Niliona haya kuliko wewe kwa huyo mwenye glavu, maana mimi ndiye niliyewasaidia kumcheka.

Barua yako ilipofika nililia, halafu nikapandwa na hasira nzuri sana, ile ya kusafishia nyumba. Nimelishusha kopo. Kila kadi imefungwa na bahasha ile ile aliyoileta mwenye kuomba saini, ina jina lake na anwani. Stempu zao hazitoshi tena kwa bei za leo, nimekwenda kununua nyingine. Msichana wa posta ameniuliza kama ninamwozesha mtu.

Kwa hiyo nakufungua kwenye ahadi yako. Andika kwenye jarida, na wakikataa, andika kwenye lolote linalokubali. Waambie H iliyonyooka ni ya mwalimu Lucille, na yule wa glavu ana saini zangu tatu kabatini, namtakia biashara njema. Waambie saini ya Orrin Haverkamp baada ya 1967 ni ile inayopanda na kushuka, na herufi za mwisho zinaparamiana. Sijui itafika bei gani. Ukijua usiniambie.

Kuna wengine watakuwa wamehama, wengine wamekufa, na ninajua baadhi zitarudi. Si kitu, nitazipokea. Leo kabla ya saa tano nilizipeleka zote nje, nikainua kile kibendera chekundu cha kisanduku, cha kumwambia mtu wa posta asimame, kisha nikaja kukaa dirishani kwenye kiti chake. Gari la posta likasimama. Kijana alipoona wingi ule alinitazama, nikampungia mkono. Akazichukua zote.

Thaddeus, nimegonga kioo. Sijui kwa nini. Nimegonga tu kwa pete yangu mpaka gari likapotea kwenye kona ya ghala la nafaka.

Lucille Haverkamp